Neno "Nascent" katika Kireno na Kiswahili: Kuzaliwa, Kuchimbuka na Uchanga katika Pwani ya Kilifi na Malindi

Neno la Kiingereza "nascent" ni miongoni mwa maneno ambayo mfasiri wa Kiswahili huyapita kwa haraka, kwa kuwa anaamini kwamba kisawe chake kimekwisha kupatikana. Demokrasia ikipewa sifa hiyo, huandika demokrasia changa. Viwanda vikipewa sifa hiyo, huandika viwanda vichanga. Ikiwa ni sanaa, chama cha siasa au lugha, jibu ni lile lile: changa. Hoja ya makala haya ni kwamba jibu hilo mara nyingi hubadilisha maana badala ya kuihamisha. "Nascent" hutaja tendo, yaani kuzaliwa kunakoendelea; changa hutaja hali, tena hali inayopimwa kwa kile ambacho bado hakijafikiwa. Tofauti hii huonekana waziwazi neno hilo linapofuatwa hadi katika Kireno, lugha iliyofika Malindi mwaka 1498, na kisha kulinganishwa na Kiswahili cha mwambao wa Kilifi, pamoja na vijiji kama Kibarani, ambako hatua za kukua kwa nazi na kwa mtoto zina majina yake mahususi.

Kibarani inayozungumziwa hapa ni ile iliyo kando ya mji wa Kilifi, si ile ya Mombasa karibu na Makupa ambayo wasafiri wengi huijua kwa sababu zisizopendeza. Kwa umbo, jina lenyewe ni bara lililotanguliwa na kiambishi ki- na kufuatwa na kiambishi cha mahali -ni. Ni eneo la minazi, mikorosho na miembe, na pia ni eneo lenye shule ya watoto viziwi ambayo itatajwa baadaye, kwa kuwa huko ndiko swali la neno hili linakoacha kuwa swali la kamusi peke yake.

Huenda msomaji akauliza Kireno kinahusiana vipi na mjadala huu. Mnamo Agosti 2019, katika mkutano wa wakuu wa nchi za SADC uliofanyika Dar es Salaam, Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Katika Umoja wa Afrika pia lugha hizi mbili hukaa meza moja. Maana yake ni kwamba hati iliyoandikwa Maputo au Luanda inaweza kuhitaji kusomwa kwa Kiswahili, na mfasiri anayetumia Kiingereza kama daraja atavuka na mizigo ya Kiingereza begani. Isitoshe, neno meza lililotumika hivi punde ni la Kireno.

Asili na maana za neno

Asili ya "nascent" ni Kilatini. Kitenzi "nasci" kilimaanisha kuzaliwa, na "nascens" (ambalo katika minyambuliko mingine huwa "nascentis") lilikuwa umbo la kutaja kitu ambacho kimo katika kuzaliwa wakati huo huo wa kutajwa. Kiingereza kililipokea katika karne ya 17. Ukoo wa kitenzi hicho ni mkubwa: maneno ya Kizungu yanayotaja maumbile, taifa, na mwenyeji wa mahali yote yanatoka humo. Hata jina la Natal, huko Afrika Kusini, lina asili hiyo. Meli za Vasco da Gama zilikuwa zikipita mwambao huo wakati wa Krismasi ya mwaka 1497, nao Wareno wakaupa jina la sikukuu ya kuzaliwa kwa Kristo, ambayo kwa lugha yao ni "Natal". Miezi minne baadaye meli hizo zilitia nanga Malindi. Kwa hiyo mzizi huu ulikuwa umekwisha kusafiri katika pwani ya Afrika Mashariki kabla ya mfasiri yeyote wa Kiswahili kuuhitaji.

Katika Kiingereza cha leo neno hilo lina maana zinazokaribiana lakini si moja. Kwanza, hutaja kitu kinachoanza kuwako: harakati, fikra, hisia. Pili, huongeza dokezo la ahadi, kwamba kitu hicho kinaonyesha dalili za kuja kuwa kikubwa. Tatu, kuna matumizi ya sayansi. Wanakemia wa karne ya 19 walilitumia kwa haidrojeni iliyotolewa papo hapo ndani ya mmenyuko wenyewe, ambayo waliiona ikifanya kazi kwa nguvu kuliko haidrojeni ya kawaida iliyohifadhiwa chupani. Wanabiolojia nao hulitumia kwa mnyororo wa protini ambao bado unajengwa ndani ya seli na haujaachiliwa. Katika matumizi haya ya sayansi hakuna dokezo lolote la udhaifu wala upungufu. Haidrojeni hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu ndiyo kwanza imetoka. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba "nascent" na changa si pacha.

Kisarufi pia kuna jambo la kuzingatia. Kiishio "-ent" cha Kiingereza, sawa na "-ente" cha Kireno, ni mabaki ya umbo la Kilatini la tendo linaloendelea. Kiswahili hakina kiishio cha namna hiyo. Kinacho kirejeshi: inayozaliwa, kinachochipuka, unaochimbuka. Wafasiri wengi hukwepa kirejeshi kwa kuwa hurefusha sentensi, nao hukimbilia kivumishi kifupi. Ufupi huo ndio unaolipiwa gharama, kwa sababu kiambishi -na- kilichoachwa ndicho kilichobeba tendo.

Kireno: mapambazuko, chemchemi na mwanzo dhaifu

Mtu akitafuta tafsiri ya "nascent" katika Kireno, neno la kwanza atakalolipata ni "nascente", kutokana na kitenzi "nascer", kuzaliwa. Kama kivumishi, linakubaliana na Kiingereza karibu kila mahali. Haidrojeni ya wanakemia ni "hidrogénio nascente" nchini Ureno, na Brazil hubadilisha alama tu juu ya herufi. Jua linalochomoza ni "sol nascente". Katika uchumi Kireno kimekwenda mbali zaidi. Ile hoja mashuhuri inayodai kwamba viwanda vya nchi inayoanza vilindwe kwa ushuru mpaka viweze kushindana, ambayo Kiingereza huieleza kwa mfano wa mtoto mchanga, Kireno huieleza kwa neno "nascente". Kiingereza kimemwona mtoto anayehitaji kubebwa, Kireno kimeona kitu kinachochomoza. Kiswahili, kwa kusema viwanda vichanga, kimefuata Kiingereza, na katika hoja hiyo mahususi hakikukosea, maana hoja yenyewe ni ya ulezi.

Lakini "nascente" ni nomino pia, na hapo ndipo panapovutia. Likiwa katika jinsia ya kike, "a nascente", ni chemchemi, mahali maji yanapotokea ardhini, chanzo cha mto. Likiwa katika jinsia ya kiume, "o nascente", ni mashariki, upande jua linakozaliwa. Kipashio kidogo tu kinachotangulia ndicho kinachotenganisha maji na jua.

Malindi ni mahali pazuri pa kuipimia tofauti hiyo. Nguzo ya Vasco da Gama inasimama kwenye rasi iliyoingia baharini, na anayesimama hapo alfajiri huliona jua likitoka Bahari ya Hindi. Kwa baharia Mreno, "o nascente" ilikuwa mbele yake, baharini, upande wa Kalikuti alikokuwa akielekea. Kaskazini kidogo mwa mji Mto Sabaki humwaga maji yake mekundu baharini. Mto huo, ambao huko juu huitwa Galana na juu zaidi Athi, huanzia katika nyanda za juu karibu na Nairobi. Kwa hiyo "a nascente" ya mto iko nyuma yake, magharibi. Neno moja, likiwa limesimama Malindi, linaelekeza pande mbili zinazopeana mgongo.

Kiswahili hakina utata huo, kwa sababu kiligawa kazi hizo kwa maneno mbalimbali. Maji yana chemchemi, na mto, kama zilivyo lugha, utani na ugomvi, una chimbuko. Jua lina macheo na maawio. Upande wake una mashariki, neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kuchomoza, na baharini kuna matlai, upepo wa upande huo, ambalo nalo kwa Kiarabu ni mahali pa kuchomoza. Inastahili kusisitizwa kwamba Waarabu, Wareno na Waswahili wote walifikiria mashariki kwa njia moja, yaani kwa tendo la jua. Waswahili walichukua jina la Kiarabu na kubaki na lao la macheo. Hawakuchukua la Kireno.

Jambo hili la kutochukua si dogo. Wareno walikaa au kurudi katika mwambao huu kwa takriban karne mbili: Malindi tangu mwanzo wa karne ya 16, kisha Mombasa walikojenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, wakaondolewa mwaka 1698 na kurudi kwa muda mfupi mwaka 1728 hadi 1729. Wameacha meza, kasha, kopo, leso, bendera, mvinyo, foronya, padri, na gereza lililotokana na neno lao la kanisa, badiliko la maana ambalo lingestahili makala yake. Wameacha karata pamoja na kopa, uru na shupaza zake. Wameacha nanasi, limau, pera, na kanju la mkorosho ambalo watoto wa Kibarani hulifyonza bila kujua kwamba wanataja "caju". Karibu maneno yote hayo ni majina ya vitu. Sifa na vitenzi havimo. Mgeni aliuza na kupanda, wala hakuwafundisha wenyeji namna ya kusema kwamba kitu kinazaliwa, kwa kuwa hilo walikuwa nalo.

Hata ndani ya Kireno chenyewe, "nascente" haliko peke yake. Mradi ambao umeanza tu na bado hauna mwili huitwa aghalabu "incipiente", kutokana na kitenzi cha Kilatini cha kuanza. Neno hili halina nuru ya mapambazuko. Husema kwamba jambo limeanza, na mara nyingi hudokeza kwamba limeanza kwa unyonge. Lina tatizo jingine la kuchekesha: kwa sauti halitofautiani na "insipiente", neno lenye maana ya mtu asiye na hekima, mjinga. Herufi moja tu, inayoonekana katika maandishi na kupotea katika matamshi, ndiyo inayomtenga anayeanza na asiyejua. Walimu wa Kireno huwaonya wanafunzi wao kuhusu jozi hiyo. Katika Kiswahili jozi hiyo haihitaji maneno mawili, kwa sababu maana zote mbili zimekaa ndani ya neno changa.

Changa na pevu

Kinyume cha changa, katika Kiswahili kilichozoeleka, ni pevu. Mwezi mchanga na mwezi mpevu. Akili changa na akili pevu. Mtu mpevu ni mtu aliyekomaa kwa busara, na anayeambiwa kwamba mawazo yake ni machanga hajapewa sifa. Kuna matumizi yasiyo na lawama, bila shaka: mtoto mchanga, mimba changa, usiku mchanga. Hata hivyo, yote hupima kwa kipimo kimoja, umbali uliobaki kabla ya kufika. Kitu kichanga ni kitu kinachongojewa.

Ndiyo maana neno hili limewafaa sana wanasiasa. Tangu vyama vingi viliporejeshwa Kenya mwaka 1991 na Tanzania mwaka 1992, maneno kwamba demokrasia yetu bado ni changa yamekuwa kama blanketi la kufunikia kila kasoro ya uchaguzi. Anayeyasema haelezi kwamba kuna jambo linalozaliwa, anaomba lisilaumiwe. Sifa iliyokuja kwa Kiingereza ikiwa na ahadi imefika kwa Kiswahili ikiwa na udhuru. Mtu anaweza kuuliza uchanga huo una ukomo wa miaka mingapi, lakini neno lenyewe halina namna ya kujibu, kwa kuwa halihesabu hatua.

Kiswahili cha mwambao, hata hivyo, kinajua kuhesabu hatua. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mnazi, mti ambao maisha ya Kilifi yameuzunguka kuanzia paa la makuti hadi tui la wali. Mkulima wa mnazi hana haja ya kusema nazi changa. Ua linaposhika tu ni upunga. Tunda dogo lililotangulia, lisilo na maji ya kunywa wala nyama, ni kidaka. Likiongezeka ukubwa bila kufikia kunywewa, ni kitale. Likijaa maji matamu na nyama laini ya kukombwa kwa kijiko cha kifuu, ni dafu. Nyama ikianza kukaza, maji yakipoteza utamu, ni koroma, ambalo mnunuzi hulikataa kwa sababu mbili zinazopingana: limepita kwa mnywaji, halijafika kwa mkunaji. Mwishoni ndipo linapoitwa nazi. Na ikiwa mwenye mnazi amempa mgema, safari yote hiyo hukatwa mapema, kwa kuwa kinachogemwa ni kikonyo cha ua ambalo halijafunguka, na tembo huchukua nafasi ya tunda.

Katika mpangilio huu hakuna hatua inayolaumiwa kwa kutokuwa inayofuata. Dafu halihesabiwi kuwa nazi yenye upungufu. Lina soko lake, bei yake na wanywaji wake. Kireno cha jumla husema "coco verde", yaani nazi mbichi, na kwa hilo kinafanana na mtu anayesema nazi changa. Wasemaji wa Kireno wa Msumbiji, waliokaa na minazi na na majirani wenye lugha za pwani, walihitaji neno jingine, nao hutumia "lanho", lililosafiri kutoka India kwa njia ya Bahari ya Hindi. Mahali penye minazi, kivumishi hakitoshi.

Utajiri huu upo pia kwa mtoto. Kabla ya kutembea, mtoto hukaa, hutambaa, kisha husimama dede, yaani husimama akiyumba bila kushikwa huku watu wazima wakimpigia makofi. Baadaye huenda tata, hatua mbili tatu na kuanguka. Dede na tata ni maneno ya nyumbani, na kamusi huyapa nafasi finyu. Ukiyatazama kwa makini, ndiyo yaliyo karibu zaidi na "nascent" kuliko changa. Husimulia tendo, huonyesha kwamba uwezo unatokea sasa, na yana furaha ndani yake. Hakuna mzazi anayesema kwamba mwanawe amesimama dede kwa sauti ya kuomba radhi.

Kilifi imekuwa pia mahali ambapo hatua hizo zimechunguzwa kitaalamu. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, kwa ushirikiano na Wellcome Trust, ilianzisha kituo chake huko mwaka 1989. Mwaka 2008, Amina Abubakar na wenzake walichapisha tathmini ya kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kilichobeba jina la Kilifi lenyewe, kinachotazama jinsi mtoto anavyotumia viungo vyake kwenda na jinsi mkono wake unavyoshirikiana na jicho. Mwaka 2015 kulichapishwa kazi ya Katie Alcock na wenzake kuhusu namna ya kukadiria lugha ya watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama kwa kuwauliza wazazi wao, hata wasiojua kusoma. Msingi wa kazi za namna hii ni kuuliza mtoto anafanya nini sasa. Ni swali la dede na tata, la kidaka na kitale. Kwa upande wa Tanzania, mpango wa taifa uliozinduliwa Desemba 2021 ulipewa jina la malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na waliolichagua jina hilo walitenda vyema kuchagua awali. Neno awali huonyesha mahali pa kuanzia bila kusema lolote juu ya upungufu.

Lugha ya mtoto kiziwi

Sasa turudi Kibarani, kwenye shule ya viziwi. Watoto wengi viziwi, popote duniani, huzaliwa na wazazi wanaosikia na wasiojua lugha ya ishara. Kwa hiyo mtoto anaweza kufika shuleni akiwa na umri wa miaka sita au saba, akiwa na ishara chache za nyumbani alizozibuni na ndugu zake: ya maji, ya chakula, ya mbuzi, ya baba. Katika miezi ya kwanza kati ya wenzake, ishara hizo hukutana na Lugha ya Ishara ya Kenya, na kitu kipya huanza kujitokeza mikononi mwake. Wanaisimu wanaoandika kwa Kiingereza huielezea hali ya lugha katika kipindi kama hicho kwa neno "nascent". Wamelitumia pia kwa lugha nzima. Mfano unaorejelewa mara nyingi ni wa Nicaragua, ambako watoto viziwi walikusanywa katika shule za Managua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na lugha ya ishara ikazaliwa kati yao mbele ya macho ya watafiti.

Tuseme taarifa ya mtoto wa namna hiyo inaandikwa kwa Kiswahili ili isomwe na mzazi. Ikiandikwa kwamba lugha yake ni changa, mzazi anasoma nini? Anasoma kwa kamusi aliyo nayo kichwani, ambamo lugha changa inakaa jirani na akili changa. Katika jamii ambamo kiziwi amewahi kuitwa bubu na kuhesabiwa kuwa hana akili, sentensi hiyo inathibitisha dhana aliyokuja nayo mzazi. Ikiandikwa kwamba lugha yake inachipuka, au kwamba imesimama dede, habari ni ile ile lakini mzazi amepewa jambo la kutazama: kesho kutakuwa na ishara nyingine. Hapa uteuzi wa neno unaweza kuamua kama mzazi atajifunza ishara zenyewe au ataacha kazi yote kwa shule.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, ikaitaka serikali kuiendeleza, na ikaifanya kuwa moja ya lugha tatu rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ni lugha kamili, yenye sarufi yake. Kuiita lugha hiyo yenyewe changa, kama ambavyo mtu anaweza kufanya akidhani anaipa heshima ya ujana, ni kuchanganya umri wa lugha na umri wa mtoto anayejifunza.

Namna ya kuchagua

Kutokana na hayo, mfasiri anayekutana na "nascent" au "nascente" hana budi kuuliza kwanza kama sentensi inazungumzia tendo au upungufu. Ikiwa ni upungufu unaohitaji ulezi, changa linatosha, na viwanda vichanga vibaki kama vilivyo. Ikiwa ni kuonekana kwa kitu ambacho hakikuwepo, Kiswahili kina vitenzi vinavyotofautiana kwa taswira. Kuchipuka hufaa kwa kinachotoka katika mzizi uliopo, kama fasihi au vuguvugu la vijana. Ndiyo sababu chipukizi limekubalika kwa wasanii na wanasoka bila kumdhalilisha yeyote. Kuchimbuka hufaa kwa kinachotoka chini kikiwa kimefichika, kama maji au chuki. Kuchomoza ni kwa jua na kwa kinachojitokeza ghafla. Kwa ndege, na kwa yeyote anayekaribia kuruka, kuna kinda. Kiinitete ni cha biolojia na kisivutwe kwingine, ijapokuwa "tete" lililomo ndani yake ni neno la nafaka ambayo punje zake hazijakaza, na lingeweza kufufuliwa na mshairi.

Kwa protini inayojengwa, inayoundwa inatosha kabisa. Haidrojeni ya wanakemia ni ngumu zaidi. Haidrojeni changa ingepotosha, kwa kuwa ingeonekana dhaifu. Inayozaliwa ingechekesha darasa. Maelezo yaliyo wazi ni haidrojeni itokayo papo hapo, na kwa kuwa istilahi hutakiwa kuwa fupi, wanafunzi wa kemia wanaosoma kwa Kiswahili wangeweza kuizoea haidrojeni papo.

Na kwa hati ya SADC iliyoandikwa Kireno, yenye "indústria nascente" katika aya ya kwanza, mfasiri asiamue kabla ya kusoma aya ya pili. Ikitajwa habari ya ushuru na ulinzi wa soko, ni viwanda vichanga. Ikitajwa gesi ya Cabo Delgado na mitambo inayofungwa kwa mara ya kwanza, ni viwanda vinavyochipuka. Na ikiwa aya ya pili inasema "incipiente", asome mpaka mwisho wa ukurasa kabla ya kugusa kalamu.